Familia moja, karatasi tofauti: kupita uhamiaji Marekani pamoja na watoto

Msomaji ameandika hivi:

"Tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu ni Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mwezi wa tatu mwaka 2023 alikula kiapo cha uraia wa Marekani. Mimi ni Mtanzania wa Kasulu. Tulifunga ndoa bomani mwaka 2008, nikamfuata huku mwaka 2019 pamoja na kijana wetu wa kwanza, aliyezaliwa Kasulu mwishoni mwa 2010. Mimi na kijana tuna grinikadi. Wadogo wawili wamezaliwa hapa Columbus, na wa mwisho bado ananyonya. Mwezi wa sita tunakwenda nyumbani kwa wiki saba. Shemeji yangu tunayeishi naye, ambaye kesi yake ya kuomba hifadhi haijaamuliwa, anataka tuende naye akamwone mama yao kambini. Nasikia Watanzania wamefungiwa kuingia Marekani. Tukirudi, tupange foleni moja au tutengane? Na wakiniita mimi pembeni, watoto watakuwa na nani?"

Dada yangu, la foleni lina jibu fupi: pangeni pamoja. Nitalirudia mbele. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara kuna watu wawili walionishughulisha kuliko foleni. Wa kwanza ni kijana wako, wa pili ni shemeji yako. Umeuliza juu ya mlango wa kurudia, lakini kwa hao wawili mambo yanaamuliwa kabla hamjatoka nyumbani.

Nianze na kijana. Umeandika kwamba ana grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, kama wewe. Kwa maelezo uliyonipa, kijana huyo ni raia wa Marekani, na amekuwa raia tangu siku ile baba yake alipoinua mkono wa kulia na kula kiapo.

Iko Sheria ya Uraia wa Watoto ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Inasema kwamba mtoto aliyezaliwa nje anakuwa raia mwenyewe, bila kuomba, pale mambo haya yanapokutana kabla hajatimiza miaka 18: mzazi wake mmoja ni raia wa Marekani, mtoto ana ukaazi wa kudumu, na anaishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi huyo raia. Baba alipoapa, kijana alikuwa na miaka 12, anaishi nanyi nyumba moja. Kama grinikadi yake ilikuwa imeshatoka, uraia ulimshukia siku hiyohiyo. Kama ilitoka baadaye, basi ulimshukia siku ilipotoka. Hakuna sherehe wala barua inayoletwa na posta kumpa mtu hongera, ndiyo maana familia nyingi hazijui. Nimekutana na wazazi waliomlipia mtoto grinikadi mpya mara ya pili, na kumbe kadi hiyo haikumhusu tena kwa miaka.

Niseme na mipaka yake, maana mama mwingine atasoma hapa akadhani linamhusu. Mtoto wa kambo hapati uraia kwa njia hii, hata kama baba wa kambo amemlea tangu anatambaa, mpaka awe ameasiliwa kisheria. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa akidai kupitia kwa baba, kuna maswali ya ziada ya kumhalalisha. Ninyi mlifunga ndoa 2008 na mtoto akazaliwa 2010, kwa hiyo cheti chenu cha bomani ni karatasi ya thamani kubwa sasa. Kitafuteni kilipo.

Kwa nini haya yanahusu uwanja wa ndege? Kwa sababu sheria ya Marekani inamtaka raia wake atoke na kuingia kwa pasipoti ya Marekani. Kijana akifika dirishani na grinikadi, afisa akafungua faili la familia na kuona baba ni raia tangu 2023, mtaanza mazungumzo marefu saa ambayo nyote mmechoka. Hawatamrudisha Kasulu, lakini mtakaa. Kubwa zaidi ni kwamba kijana ataendelea kuishi kama mtu anayehitaji ruhusa ya kuwa nyumbani kwake.

Mwombeeni pasipoti sasa, msingoje mwezi wa tano. Maombi yanapokelewa katika ofisi nyingi za posta kwa miadi. Kwa kuwa hajatimiza 16, wazazi wote wawili mnatakiwa muwepo pamoja naye. Mmoja akishindwa, ajaze fomu ya ridhaa, DS-3053, iliyothibitishwa na mthibitishaji wa saini. Bebeni cheti chake cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi Tanzania), grinikadi yake, cheti cha uraia cha baba, cheti cha ndoa, na tafsiri iliyoidhinishwa ya karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili tu. Ada kwa mtoto wa chini ya miaka 16 ni dola 135 jumla, na pasipoti inakaa miaka 5. Yupo mtu atakayewaambia kwamba lazima kwanza muombe cheti cha uraia cha mtoto kwa fomu N-600, ambayo ada yake inazidi dola 1,000. Cheti hicho ni kizuri kuwa nacho siku za mbele, lakini si sharti la pasipoti. Pasipoti yenyewe ni ushahidi wa uraia.

Pasipoti yake ya Tanzania msiitupe. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini mtoto anaweza kuwa nao mpaka afikishe miaka 18, halafu ndipo achague. Kijana huyu ni Mtanzania kwa kuzaliwa na kwa mama. Akitua Dar es Salaam aonyeshe pasipoti ya Tanzania na apite nawe upande wa raia. Akirudi Marekani aonyeshe ya Marekani. Kaunta ya shirika la ndege aonyeshe zote mbili, maana mhudumu anaangalia kama anakokwenda atapokelewa. Hilo si udanganyifu, kila pasipoti ina mlango wake. Siku atakayokaribia miaka 18 kaeni naye mzungumze kwa utulivu, kwa sababu uchaguzi ule una uzito na haufai kufanywa kwa haraka kwenye kaunta ya ofisi fulani.

Baba na wadogo wawili wataingia Tanzania kwa pasipoti za Marekani, na Mmarekani analipa viza ya kuingia mara nyingi, dola 100 kwa kila mtu, hata mtoto wa kunyonya. Iombeni mapema kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Tanzania yenyewe. Mtandaoni kuna tovuti zinazojifanya za serikali na kutoza mara mbili, kwa hiyo hakikisheni anwani inaishia na go.tz. Wadogo nao wana haki ya uraia wa Tanzania kwa kurithi kutoka kwako, na mkitaka mnaweza kuanza taratibu za pasipoti zao kupitia ubalozi. Lakini kwa safari ya mwezi wa sita viza ni njia fupi zaidi. Mkipitia Addis Ababa na kungoja pale zaidi ya saa 12, muwe na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Na kwa kuwa mnakwenda Nyarugusu, kumbukeni kwamba kambini hakuingiwi bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, hata kama mama mzazi yumo ndani. Mume wako alikulia humo, lakini leo anarudi kama mgeni mwenye pasipoti ya kigeni. Nimeona wanaume wazima wakilia langoni kwa sababu hiyo. Kibali kiombwe kabla hamjapanda ndege.

Sasa wewe, dada. Uliyosikia kuhusu Watanzania ni kweli kwa sehemu. Amri ya rais wa Marekani ya Desemba 2025, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, imezuia utoaji wa viza za aina kadhaa kwa raia wa Tanzania, zikiwemo za matembezi na za wanafunzi. Lakini wenye ukaazi wa kudumu wamesamehewa katika amri hiyo, na wewe ni mmoja wao. Wewe huombi viza, unarudi nyumbani kwako. Ndiyo maana kadi yako iwe mwilini, kwenye kipochi cha shingoni au cha kiunoni, kamwe isikae kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Iangalie tarehe leo. Ikiwa inakaribia kuisha, tuma fomu I-90 ya kupata kadi mpya na usafiri na barua ya kupokelewa pamoja na kadi ya zamani, kwa sababu barua hiyo inaiongezea kadi uhai wa miezi 36. Ikipotea Kasulu, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam unaweza kukupa kibali cha kupandia ndege kwa fomu I-131A, lakini hesabu siku nyingi na gharama.

Wiki saba si tatizo. Namba za kukumbuka ni mbili: siku 180 na mwaka mmoja. Ukizidisha siku 180 nje, afisa ana haki ya kukuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya, na hesabu yako ya miaka ya kuombea uraia inatikisika. Ukizidisha mwaka bila kibali cha kurudi, kadi peke yake haikutoshi. Kibali hicho kinaombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani, huwezi kukikumbukia Kasulu. Nasema hivi kwa sababu safari za nyumbani hurefuka. Mama anaugua, mazishi yanatokea, shamba lina kesi. Ikitokea, rudi kabla ya siku 180, kisha ukae ujipange upya.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, nami siwezi kulipita kimya. Kama umewahi kukamatwa na polisi hapa Marekani, hata kama kesi ilifutwa, hata kama ilikuwa ugomvi wa jirani au kuendesha gari ukiwa umekunywa, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Mwenye grinikadi anaweza kuishi miaka bila kuulizwa kitu, kisha kosa la zamani likaja kufunguliwa mpakani kwa sababu tu alitoka. Kama hakuna, shukuru Mungu na tuendelee.

Safari ya kurudi. Uhamiaji wa Marekani mtaupitia kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani mtakaotua, si Columbus. Mkirudi kwa ndege ya Addis inayotua Washington Dulles au Chicago, hapo ndipo mtakapokaguliwa, mchukue mabegi yenu yote, mpite forodha, kisha muyakabidhi tena kwa safari ya ndani. Wanaopitia Abu Dhabi au Dublin hukutana na maafisa wa Marekani hukohuko kabla ya kupanda. Wakala akikuuzia tiketi yenye saa moja na nusu kati ya kutua na ndege ya Columbus, ikatae. Familia ya watu watano yenye mtoto mchanga inahitaji saa tatu, nne zikipatikana. Tiketi zote ziwe kwenye oda moja, ili mkichelewa shirika liwapangie ndege nyingine bila malipo mapya.

Foleni, basi. Raia na wenye grinikadi hupangwa upande mmoja katika viwanja vikubwa vya Marekani, na mabango huandika raia na wakaazi. Familia yako yote inaingia hapo. Mnakwenda dirishani pamoja kama kaya moja, baba anakabidhi pasipoti yake na za watoto wakubwa wawili, na wewe unatoa yako ya Tanzania, grinikadi, na pasipoti ya mtoto wa kunyonya. Mtapigwa picha, nawe huenda ukachukuliwa alama za vidole. Ipo pia programu ya simu ya bure ya serikali, Mobile Passport Control, inayotumiwa na raia na wenye grinikadi. Mtu mmoja anaweza kujaza taarifa za kaya nzima, mpaka watu 12, mara mnapotua. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, kufupisha foleni hata kwa nusu saa ni faraja kubwa. Ingekuwa mmefuatana na mtu mwenye viza, kwa mfano bibi, ningewaambia mumwulize mwelekezaji wa foleni kabla hamjaingia, na akisema bibi apite upande wa wageni, nendeni naye nyote. Raia hakatazwi kusimama upande wa wageni, na mzee asiyejua Kiingereza hapaswi kuachwa peke yake.

Dirishani afisa atakuuliza mlikuwa wapi, muda gani, unafanya kazi gani, mmebeba nini. Jibu fupi na la kweli. Kila mtu ajibu la kwake. Sisi waume tuna tabia ya kuwajibia wake zetu, na kwa nia njema kabisa, lakini afisa akiona mwanamke hasemi anaanza kujiuliza. Kiingereza kikikuishia, sema unaomba mkalimani wa Kiswahili. Huwapigia simu, na anapatikana. Na atawauliza watoto: huyu ni nani, mlikuwa na nani? Msiwakatize. Anahakikisha kwamba hakuna mtoto aliyeibwa.

Hapo linakuja suala la majina, ambalo linatuumiza sisi kuliko watu wengi. Mkongo ana jina lake mwenyewe lisilo la baba yake, wewe una jina la babu yako, kijana amepewa jina la baba kama ukoo, na wadogo wamezaliwa hospitali ya Ohio wakapewa jina la tatu kabisa. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Kwa mfumo wa kompyuta, ni watu watano wasiohusiana. Bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote vyenye majina ya baba na mama, na nakala ya cheti cha ndoa. Ziwekeni kwenye bahasha moja mkononi. Kama mume wako ni kama wengi waliosajiliwa kambini, huenda tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari. Watu wenye jina linalofanana na tarehe hiyohiyo ni wengi mno, na mfumo ukimfananisha na mwingine, atapelekwa pembeni yeye, raia, na siyo wewe. Ikijirudia safari hata safari, aombe namba ya marekebisho kupitia mpango wa serikali unaoitwa DHS TRIP, kisha aiandike kwenye kila tiketi anayokata.

Sasa nikujibu lile la mwisho, lililokunyima usingizi.

Mwaka 2017 sisi wenyewe tulitua kwenye uwanja mmoja mkubwa, mimi na mke wangu na watoto wawili. Karatasi zetu zilikuwa tofauti kama zenu. Mke wangu aliitwa pembeni. Mimi na watoto tukaambiwa tusonge mbele, na nikasonga, kwa sababu sikujua kwamba ningeweza kusema neno. Maziwa ya mtoto na nepi vilikuwa kwenye begi lake. Simu yake ilizimwa, maana ndani ya chumba cha mahojiano walichompeleka simu haziruhusiwi. Saa tatu nilizunguka kwenye mikanda ya mabegi na mtoto analia njaa, sijui mke wangu yuko hatua gani wala nimuulize nani. Alitoka salama, lilikuwa jina lililofanana na la mtu mwingine. Tangu siku hiyo hakuna familia inayopita mezani kwangu bila kupanga mambo haya kabla ya kupanda ndege.

Pasipoti za watoto wakubwa wawili zikae kwa baba, pamoja na nguo zao, chakula chao na dawa zao. Wewe ubebe karatasi zako, na kila kitu cha mtoto wa kunyonya, pamoja na pasipoti yake. Ukiitwa, mwambie afisa palepale, kabla ya kuinuka: mtoto huyu ananyonya, naomba aingie nami. Mtoto ni raia na hashikiliwi, anafuatana na mama yake tu. Baba aende na wakubwa mpaka eneo la mabegi, akae hapo, asivuke forodha. Akishavuka, harudi ndani. Asikimbilie ndege ya Columbus akuache. Amwendee mtu wa shirika la ndege aombe kupangiwa nyingine. Na wewe uwe na namba mbili za simu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi: ya ndugu aliye Columbus na ya wakili, kwa kuwa namba ulizozihifadhi kwenye simu iliyozimwa hazitakufaa.

Ndani ya chumba hicho kwa kawaida hutakuwa na wakili. Utakaa kwenye kiti, utaitwa, utaulizwa tena yaleyale. Wengi hutoka baada ya saa moja au mbili bila kuelezwa sababu. Omba maji, omba choo, omba mahali pa kunyonyesha. Hayo si upendeleo.

Kitu kimoja ukishike hata ukisahau mengine yote: usitie saini karatasi usiyoielewa, na usitie saini fomu I-407. Fomu hiyo inasema kwamba unaacha ukaazi wako kwa hiari yako. Wapo waliowekewa mbele yao wakiwa wamechoka, wakaambiwa mambo yataisha haraka, wakasaini, na mambo yakaisha kweli: walipoteza kila kitu kwa kalamu yao wenyewe. Afisa hawezi kukunyang'anya ukaazi wako palepale dirishani. Akisema umeuacha, jibu lako ni kwamba hukuuacha, na kwamba unaomba kusikilizwa na hakimu wa uhamiaji. Mwenye grinikadi ana haki hiyo. Hata wakichukua kadi, wanapaswa kukupa uthibitisho mwingine wa hadhi yako wakati kesi inangoja. Kwa safari ya wiki saba, mume raia, watoto raia, na nyumba Columbus, sioni sababu ya mtu kukupeleka huko. Nimekueleza ili neno hakimu liwe mdomoni mwako likihitajika.

Mume wako naye ajue la kwake: raia akishathibitishwa kuwa ni yeye, lazima aruhusiwe kuingia. Wanaweza kumchelewesha, kumuuliza na kupekua mizigo yake, lakini hawawezi kumfungia mlango. Kwa hiyo yeye ndiye nguzo ya watoto siku hiyo. Asipandishe sauti kwa ajili yako. Ubishi wake utakurefushia wewe.

Mizigo nitaigusa kidogo. Dagaa wa Kigoma waliokauka, kwa matumizi ya nyumbani, kwa kawaida hupita, mradi mseme mnao. Nyama ya kukausha na maembe viacheni kwa bibi. Ukificha chakula, faini ya mara ya kwanza huanzia dola 300. Ukikitaja, kibaya zaidi ni kukichukua na kukitupa. Na fedha taslimu zinahesabiwa kwa kaya: mkipita dola 10,000 zote kwa pamoja mnatakiwa kuzitaja, hata kama kila mmoja ana kidogo mfukoni. Kuzitaja si kutozwa kodi.

Nimemwacha shemeji mpaka mwisho kwa sababu jibu lake ndilo linaloniuma. Asisafiri.

Mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri, akitoka Marekani bila kibali cha kusafiri alichopewa kabla, anahesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Miaka yote aliyongoja, alama za vidole, barua, vibali vya kazi, vyote vinaishia kwenye kaunta ya kuondokea. Hakuna atakayemzuia kupanda ndege ya kwenda, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Shida ni siku ya kurudi: hana grinikadi, hana viza, na shirika la ndege halitampandisha Dar es Salaam. Kibali cha kusafiri kinaombwa kwa fomu I-131, lakini hata ukiwa nacho mkononi, si ahadi ya kuingizwa. Afisa wa mpakani ndiye anayeamua siku hiyo. Kwa hali ilivyo sasa, singemshauri ndugu yangu wa damu ajaribu bila wakili wake mwenyewe kumwambia aende, kwa maandishi. Najua mama ni mzee. Najua pia watu watamwambia kwamba anakwenda Tanzania na si Kongo, kwa hiyo haina neno. Ina neno. Kilichokatazwa ni kutoka bila ruhusa, popote anapokwenda.

Mwambieni mapema, mumwambie wote wawili, na kama tiketi yake imeshalipwa, irudisheni kabla muda wa kurudishiwa fedha haujapita. Mama apelekewe sauti yake na picha zake. Shemeji naye awasindikize mpaka uwanjani Columbus, abaki na funguo za nyumba, na siku mtakayotua akae na simu mkononi tangu asubuhi, maana namba ya kwanza kwenye ile karatasi yako itakuwa ya kwake.